Pini Iliyotolewa kwenye Pindo

Goti la mtoto liling'aa kabla ya wakati wake. Kawaida picha ya kwanza ya mashine ya sumaku huonyesha kiungo cheusi. Ndipo dawa ya kung'arisha hudungwa mshipani, na penye uvimbe huwaka weupe unaopimwa kwa milimita. Mpiga picha wa zamu, ambaye wenzake walimbatiza Rula kwa kupenda vipimo, aliitazama kompyuta akasonya. Alidhani amekosea kupanga picha. Saa kumi ilikuwa inakaribia, na mwanawe alikuwa akimsubiri chekechea.

Bibi wa mgonjwa alisimama mlangoni, kiganja wazi.

"Mwanangu, nirudishie pini yangu."

"Bibi, nimeshakwambia. Humu hakiingii chuma. Sumaku itaivuta imtoboe mjukuu wako."

"Niliichomeka kwenye pindo la gauni ili huyo aliyemwingia asitoke gotini. Miaka miwili amekaa humo."

"Ndiyo maana miaka miwili mtoto anachechemea," Rula alijibu. Elimu ilikuwa imemjaa hadi masikioni.

Akadunga dawa, akarudi nyuma ya kioo. Alikuwa na dakika tano tu za kupima, kabla dawa haijavuja ikachafua picha. Dakika ya kwanza goti likawaka. Ya pili, harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango, na ule weupe, ambao haukupaswa kwenda popote kwa sababu uvimbe hauna miguu, ukaanza kuteremka muundini, kila picha hatua moja, ukavuka ukingo wa picha, na Rula akahisi joto likimpita kwenye vifundo vya miguu na kutulia nyuma ya kiti chake, huku kompyuta ikionyesha goti safi, milimita sifuri, na kipaza sauti kikinong'ona kwa sauti nzito ambayo haikuwa ya mtoto yule:

"Asante kwa kuitoa."

Rula alikurupuka, akaenda kumfungulia mtoto mlango.

Msichana alitoka akitembea sawasawa. Rula akamnyooshea bibi pini yake. Bibi hakuipokea.

"Kaa nayo. Sisi hatuihitaji tena. Una mtoto?"

"Ninaye."

"Basi mchomekee leo hii."

Walipoondoka, hofu ikakipisha kiburi. Rula akaitupa pini kwenye boksi la sindano zilizotumika, ambalo mhudumu hulipeleka tanurini kuchomwa kila jioni.

Chekechea, mwanawe alimkimbilia, akamkumbatia miguu. Alipomwachia, alirudi nyuma akichechemea. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu hili halikuwa la aliyekataa kusikia. Rula akapiga magoti, akaligusa goti lile dogo. Liliunguza.

"Twende kazini kwangu, mpenzi," alisema, akijaribu kutolia. "Kuna kitu nimesahau."

Mtoto akamsogezea mdomo sikioni. Pumzi yake ilinuka nywele zilizoungua.

"Usijisumbue, mama. Wameshaichoma."