Baga Mbili kwenye Meza Moja

Ilikuwa siku ya gulio, na mji wa Lushoto ulikuwa umefurika hadi vichochoroni. Wanawake walioshuka alfajiri na karoti na kabichi walikuwa wamemaliza kuuza, sasa wanazunguka na wao kununua. Ndani ya Tamtam Baga, tawi jipya lililofunguliwa mkabala na stendi, foleni ilikuwa imetoka mpaka nje ya mlango.

Dorkasi aliingia kwa madaha. Alivaa gauni la kitenge cha njano na zambarau alilolishona mwenyewe, kiuno kimebana, mabega yametuna, na juu yake sweta jeusi, maana baridi ya kule haina habari na urembo wa mtu. Mkononi alishika mfuko wa karatasi wa Jogoo Rojo, mgahawa wa ng'ambo ya barabara. Alinunua baga na chipsi za Tamtam, akapata meza ya dirishani, kisha bila aibu akaitoa baga ya Jogoo Rojo mfukoni na kuziweka zote mbili ubavu kwa ubavu kama maharusi. Akaegemeza simu kwenye chupa ya tomato sosi.

"Karibuni jamani! Leo Tamtam na Jogoo Rojo wamekaa meza moja, na jaji ni mimi. Hatupendelei mtu, hatuogopi mtu..."

"Dada, samahani. Chakula cha nje hakiruhusiwi humu."

Aliinua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye aproni nyekundu na kofia iliyomkaa upande, kwenye kifua pameandikwa HERI, MSIMAMIZI.

"Kwa hiyo unanifukuza?"

"Sijasema hivyo."

"Nifukuze basi. Narekodi. Watu waone Tamtam wanavyomwogopa Jogoo."

Heri akatazama simu, akatazama baga, akatazama foleni yake. Halafu, mwenyewe hakujua kwa nini, akavuta kiti akaketi. "Nikatie kipande."

"Cha kwenu?"

"Cha kwao. Cha kwetu nakijua."

Dorkasi alimkatia. Heri akatafuna taratibu, uso mkavu kama wa hakimu, kisha akanong'ona, "Mkate wao ni laini kuliko wetu. Lakini nyama yao, mh, imekaushwa kama imekosea."

Dorkasi alicheka mpaka watu wa kwenye foleni wakageuka. "Na chipsi zenu? Zimetoka wapi?"

"Jikoni."

"Kabla ya jikoni?"

"Kwenye friza."

"Na kabla ya friza?"

Heri akasimama, akaweka sawa kofia yake. "Dada, wewe unataka nikose kazi."

Nyumbani, Dorkasi aliiangalia ile video. Pale Heri alipousifu mkate wa wapinzani, alikata kipande hicho. Hakutaka kijana wa watu aharibikiwe. Alipoituma mtandaoni, ujumbe wa kwanza uliingia kutoka namba asiyoijua: *Asante kwa kuniokoa, Jaji. Nikulipe kwa chai?*

*

Chai ikazaa chai. Dorkasi alikuwa fundi cherehani; yeye na rafiki yake Shamsa walikuwa na chumba ghorofani juu ya duka la vitambaa, dirisha lao likitazama stendi. Kazi ya kulinganisha baga ilikuwa ya mwisho wa wiki, lakini ndiyo iliyompa jina. Hata watoto wa shule walimwita Jaji.

Sasa jaji alipata mwenzake. Heri akipata siku ya mapumziko walishuka pamoja hadi Tanga, wakazunguka migahawa, baga hii na baga ile, wakigombana kwa raha.

"Hii ina kachumbari nyingi mno," Heri alisema.

"Wewe ulimi wako umeharibiwa na mayonezi."

"Ulimi wangu uko sawa. Ulisema mwenyewe unasema maneno matamu."

"Nilisema lini?"

"Jana kwenye simu. Ukiwa na usingizi."

"Usingizi si ushahidi, mgoshi, mwanamume wewe!"

Shamsa, aliyekuwa akisikia simu zao siku nzima juu ya mlio wa cherehani, alitikisa kichwa. "Shoga, hapo umekwisha. Mtu akianza kukuchekesha kuhusu mayonezi, ujue ameshaingia moyoni."

Na kweli alikuwa ameingia. Ndipo Dorkasi akampeleka nyumbani kwao Malindi, kijiji cha huko huko milimani. Mama yake, mkulima wa viazi, aliwakuta wakipanda njia.

"Onga mshi, mwanangu," alimsalimu binti kwa Kisambaa, kisha akamgeukia mgeni.

"Shikamoo mama," Heri aliinama.

"Marahaba. Wewe ndiye wa baga?"

"Ndimi, mama."

"Leo utakula viazi."

Mama aliwakaangia viazi vilivyochimbwa asubuhi ile, vipande vinene visivyolingana, vimekolea rangi pembezoni, chumvi tu na pilipili kidogo. Dorkasi aliketi kwenye kigoda, sahani magotini, akasahau ujaji wote. "Jamani! Sijawahi kula chipsi tamu kama hizi. Sijawahi!" Heri alikuwa amemrekodi. Alipenda jinsi alivyofumba macho akitafuna. Jioni ile aliiweka stetasi, chini yake akaandika: *Furaha yangu.*

*

Asubuhi moja Dorkasi akiwa dirishani na sindano mdomoni, aliona lori la barafu likisimama kando ya Tamtam. Vijana walishusha maboksi ya chipsi zilizogandishwa, maandishi ya kigeni ubavuni. Na juu ya mlango wa mbele, bango jipya la kijani likisema: VIAZI FRESHI VYA USAMBARA.

Aliitoa sindano mdomoni.

Wiki hiyo viazi vya Malindi na Magamba vilikuwa vinachipuka kwenye magunia kwa kukosa mnunuzi. Dorkasi alirekodi video bila mzaha. "Baga ya Tamtam ni nzuri, nawapa haki yao. Inamshinda Jogoo kwa mbali. Lakini chipsi zao si za kwetu. Nimeona kwa macho yangu zikishushwa. Jogoo Rojo nao wanatumia za barafu, ila wao hawajaandika uongo ukutani. Bango lile mlishushe."

Video ilipanda milima ikashuka. Kabla ya magharibi simu ya Heri iliingia.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Kazini. Sauti yako ina nini?"

"Meneja wa kanda amekuja. Bwana Shukrani. Dorka, nisikilize... Ifute ile video. Kwa muda tu, mpaka apande gari arudi kwao."

"Nilichosema ni uongo?"

"Si uongo."

"Sasa nafuta nini?"

"Unafuta kwa ajili yangu. Wanasema ama ifutike ama nitafute kazi nyingine."

Dorkasi alizima cherehani. Nje watu walikuwa wakiitana, wakicheka. "Heri, nilikata maneno yako siku ya kwanza kwa sababu yalikuwa yako, hayakumdhuru mtu. Haya yanamdhuru mama yangu. Sifuti."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Usinipime hivyo. Ukinipima hivyo utanikosa."

Simu ikakatika. Nani aliikata, kila mmoja baadaye alisema ni mwenzake.

Lililofuata ndilo lililomuumiza. Shamsa alipanda ngazi anahema, simu mkononi. "Dorka, hii ni nini?"

Lilikuwa tangazo la Tamtam. Rangi nyekundu, muziki, kisha uso wa Dorkasi mwenyewe, macho yamefumba: *Jamani! Sijawahi kula chipsi tamu kama hizi!* Na maandishi: JAJI AMEBADILI HUKUMU.

Dorkasi alikaa chini kwenye vitambaa. Alikijua kile kigoda. Aliijua ile sahani ya bati, ingawa walikuwa wameikata pembeni. Zilikuwa chipsi za mama yake, na aliyekuwa na video ile ni mtu mmoja tu.

"Ameniuza," alisema.

"Muulize kwanza."

"Nimuulize nini? Uso wangu umeshauliza na kujibu."

Alimfungia Heri simu. Sokoni watu walimtazama kwa pembe ya jicho. Mzee mmoja wa Magamba aliyempatia kila mara kiazi cha nyongeza hakuitikia shikamoo yake. Alifunga gunia lake akageuka. Hilo lilimchoma kuliko yote. Usiku mzima hakulala, lakini hakulia. Asubuhi alimpigia mama yake.

"Mama, gulio hili uje na gunia. Na karai kubwa."

"Unataka kufanya nini?"

"Kula nao meza moja."

*

Siku ya gulio ilipofika, Dorkasi alitandika meza nje kabisa ya mlango wa Tamtam, upande wa barabara ambao si wa mtu. Alivaa gauni jekundu alilolimaliza jana yake, jekundu kuliko aproni zao zote. Mama alimenya, Shamsa alikatakata, mafuta yakalia kwenye karai. Dorkasi aliingia ndani, akapanga foleni kama mteja yeyote, akanunua chipsi za Tamtam, akatoka nazo na kuzimwaga kwenye sinia moja na za mama yake, nusu kwa nusu.

"Njooni muonje! Msiamini tangazo, msiniamini hata mimi. Aminini midomo yenu!"

Watu walijaa. Bwana Shukrani akatoka, suti ya kijivu, viatu vinang'aa.

"Binti, unatuharibia biashara."

"Nyinyi mmeniharibia jina."

"Jina? Maneno si yako? Sura si yako?"

"Maneno yangu, sura yangu. Chipsi si zenu. Nilikuwa kwa mama yangu Malindi."

Bwana Shukrani alitabasamu, akawageukia watu. "Mama mtu atasema anachotaka mtoto. Nani mwingine shahidi?"

Mafuta tu ndiyo yaliyosikika. Dorkasi hakukishusha kidevu.

"Mimi."

Heri alisimama mlangoni. Alikuwa ameshavua kofia. Alipita katikati ya watu huku akifungua kamba za aproni, akaikunja vizuri na kuiweka mkononi mwa Bwana Shukrani.

"Video ile niliichukua mimi, jikoni kwa huyu mama. Chipsi zile alizikaanga yeye. Niliiweka stetasi yangu, ofisi wakaichukua huko wakaikata, hawakuniuliza. Nilipowauliza waliniambia ninyamaze, nitapelekwa Arusha nikawe meneja." Akanyoosha kidole juu ya mlango. "Na bango ni uongo. Nimelifungua friza hilo kila asubuhi tangu tufungue. Sijawahi kuona kiazi cha Usambara ndani yake."

Watu walipiga makelele. Mzee wa Magamba, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, alisogea mezani, akaokota chipsi ya mama, akatafuna. "Binti," alisema, "nipe na nyingine." Bwana Shukrani aliingia ndani bila kuaga.

Heri alibaki amesimama mbele ya Dorkasi, shati tu, baridi inampiga.

"Nilikupigia," alisema.

"Nilikufungia."

"Najua. Sikukuuza, Dorka."

"Sasa nimejua. Asante." Macho yalimjaa, lakini alikaza. "Ila stetasi uliniweka wewe, siyo ofisi. Uliniuliza?"

"Nilitaka watu wajue nina nani."

"Ungewaambia kwa mdomo. Na ile simu ya kuniambia nifute? Hiyo nayo ni ofisi?"

Heri aliinamisha kichwa. "Hiyo ni mimi. Niliogopa. Nisamehe."

Dorkasi aligeukia sinia lake. Mama yake akakohoa. "Mtasameheana huku mkifanya kazi. Wewe kijana, nawa mikono umenye viazi. Watu wana njaa."

Alinawa. Akamenya vibaya, maganda manene, na Dorkasi alipoona hivyo akamnyang'anya kisu. Vidole vyao vikagusana. Hakuna aliyeondoa mkono haraka.

*

Tamtam hawakufungwa, wala bango halikuondoka, ila maneno FRESHI VYA USAMBARA yalifunikwa kwa rangi. Heri hakupata barua nyingine ya kazi. Alinunua karai lake, akaanza kukaanga chipsi karibu na stendi, akinunua viazi Malindi. Dorkasi alimlinganisha hadharani na Jogoo Rojo na akampa nafasi ya pili kwa sababu ya chumvi. Heri alinuna siku nzima, kesho yake akarekebisha chumvi.

Walipokubaliana kuoana, Heri alikuja Malindi na shangazi yake na mshenga kutoka kanisani. Sebule ilijaa. Baba yake Dorkasi alikuwa marehemu, kwa hiyo neno lilikuwa la baba mdogo, Kristian, mtu wa koti zito na maneno mazito.

"Tumemsikia kijana," alisema. "Alikuwa na kazi ya maana akaitupa mbele za watu. Leo anakaanga chipsi barabarani. Huyu ndiye tumpe binti wa marehemu kaka yangu? Mimi nasita. Lakini mila ni mila. Mwiteni mwenyewe."

Dorkasi aliingia, kitenge kipya, kichwa kimefungwa, akapiga goti na kuwasalimu wakubwa wote.

"Dorkasi," baba mdogo alianza, "hawa wageni unawafahamu?"

Desturi ilimtaka ainamishe macho, ajibu kwa sauti ndogo. Dorkasi aliyainua.

"Nawafahamu, baba. Yule mwenye shati la bluu ndiye aliyesimama na mimi siku watu wote walipokuwa kimya, na alijua atakachopoteza. Nakuheshimu, baba, na sitaondoka hapa bila baraka zako. Lakini ukikataa leo nitakuja kuuliza tena kesho, na kesho kutwa, mpaka mchoke nyinyi. Mimi sitachoka."

Shangazi wa Heri aliziba mdomo kwa upande wa khanga. Baba mdogo Kristian alifungua kinywa kujibu, lakini kabla neno halijatoka, kule mlango wa jikoni Mama alikuwa ameshapiga kigelegele.