Mbegu za Bulembe

Adalbert alikuwa fundi seremala katika mji wa Élisabethville, nchini Kongo. Kila siku aliondoka nyumbani mapema, msumeno begani, akatembea hadi karakana alikofanya kazi. Mkewe, Victorine, alibaki na binti yao Claudine. Walifagia uwanja, wakateka maji, wakachekecha unga wa bukari, ugali wa kwao. Maisha hayakuwa mepesi, lakini yalikuwa na mpango.

Mwaka wa 1937 mpango huo uliharibika. Asubuhi moja Victorine alimwona mumewe akihangaika na viatu vyake. Havikuingia. Miguu ilikuwa imevimba, na ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Adalbert hakuweza tena kubeba ubao mmoja bila kusimama njiani na kutafuta pumzi. Akilala chali alihisi kama anazama majini, kwa hiyo alilala akiwa ameketi, mgongo ukutani.

Ng'ambo ya barabara alikaa Rigobert, muuguzi wa dispansere, zahanati ya mtaa. Ndiye aliyempeleka kwa daktari. Daktari alisikiliza kifua, akasema moyo umechoka, hausukumi damu vizuri. Alisema ugonjwa huu hauponi, ila unaweza kutulizwa kwa dawa, na dawa hiyo haiachwi. Tangu siku hiyo Adalbert alipita dispansere kila asubuhi. Rigobert alimshika mkono kwanza, akasikiliza mapigo, kisha akamhesabia matone machache katika kikombe cha maji.

Siku ya nne Adalbert alikataa. Alisema haamini maji ya wazungu yasiyo na jina. Rigobert alimpenda jirani yake, akataka kumtoa woga.

"Tata, hii dawa haiko ya kigeni," alimwambia. "Inatoka mu mbegu ya bulembe. Ile ile bankambo benu balikuwa banapaka ku mishale."

Adalbert alicheka. Alizaliwa upande wa Pweto, kwa watu wa kuwinda, na bulembe, sumu ya mishale ya mababu zake, aliijua tangu utoto. Alikunywa dawa yake siku hiyo, na siku zilizofuata. Baada ya majuma mawili viatu viliingia. Alilala chali tena, na Victorine alimshukuru Mungu.

Lakini mvua zilianza, na foleni ya dispansere ilikuwa ndefu. Adalbert alichelewa kazini mara kwa mara. Bwana wa karakana alimwambia kwamba mtu wa kuchelewa ataondolewa, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya karakana. Adalbert alifikiri sana. Kisha aliandika barua kwa kaka yake Nkandu, mwindaji huko Pweto, akamwomba mbegu za bulembe.

Nkandu alifika kwa lori, na kapu la samaki wakavu, na mbegu zimefungwa katika kitambaa. Alikuwa mtu mwema, na alimpenda mdogo wake kama jicho lake. Victorine aliuliza kama si vizuri kumwonyesha Rigobert kwanza. Adalbert alijibu kwamba ni Rigobert mwenyewe aliyewafundisha.

Kwa hiyo Nkandu alipika dawa, na Adalbert akainywa nyumbani. Matone ya dispansere hakuyaacha. Alitaka aizoee dawa ya nyumbani kwanza, ndipo aage foleni. Rigobert hakuambiwa neno.

Siku tatu alijisikia na nguvu. Akaongeza kipimo. Siku ya nne chakula kilimchukiza, akatapika, na hakwenda popote. Victorine alimshika mkono kama alivyomwona Rigobert akifanya. Mapigo yalikuja polepole, mawili yakafuatana, kisha pakawa kimya kirefu. Alitaka kumwita muuguzi. Nkandu alimtuliza, akasema ugonjwa unapigana kabla ya kutoka. Akampa ndugu yake kikombe kingine.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Saa sita mchana, Victorine akisonga bukari, Adalbert aliinuka kitini ili avue koti lake. Alianguka, na hakuamka tena.

Siku ya pili ya matanga wazee wa ukoo walianza kuuliza. Kwao, mwanamume wa miaka arobaini na mitano hafi bure, yupo aliyemroga. Shangazi mmoja alisema marehemu alitapika chakula, na chakula kina mpishi. Macho yote yalimgeukia Victorine. Alijua kwamba akitaja mbegu, Nkandu ataitwa muuaji wa ndugu yake. Akinyamaza, atafukuzwa yeye na mtoto wake.

Aliondoka kimya, akavuka barabara, akaweka kile kitambaa cha mbegu juu ya meza ya Rigobert. Akamweleza yote. Rigobert alikifungua, akazitambua mbegu, akakifunga tena.

"Nilimuambia nusu ya maneno," alisema.

"Basi kuja useme ile nusu ingine," Victorine alimjibu. "Useme mbele ya bantu bote."

Rigobert alikuja. Alijua kwamba wangeweza kumpiga. Alisimama katikati ya waliokaa chini, akakifungua kile kitambaa, mbegu zikaonekana.

"Hakuna mulozi hapa," alisema. "Dawa na sumu biko mu mbegu moja. Kidogo inasaidia moyo. Ikizidi, moyo unapotea njia, unasimama. Na mbegu hazifanane: hii iko na nguvu, ile haina. Ku macho hauwezi kujua. Kule banatengeneza dawa, banapima nguvu yake mbele ya kutia mu chupa, na mimi nilikuwa nashika mukono yake juu ya kuona kama imezidi. Adalbert alikunywa yetu na ya nyumbani pamoja. Hayo yote sikumuambia."

Nkandu alifunika uso. "Ni mie nilimunywesha," alisema.

Shangazi aliinamisha kichwa. Hakuna aliyepiga mtu, na hakuna aliyemfariji mwenzake.

Ndipo Edith, jirani mwenye ugonjwa uleule wa moyo, akatoa kifurushi cha magome ya mti ndani ya kitenge chake.

"Na hii?" aliuliza. "Nakunywaka hii kila siku, pamoja na matone yako. Haukuniulizaka."

"Nakuuliza sasa, mama," Rigobert alisema.

Edith aliacha magome yake. Tangu juma lile, Rigobert hakumpa mgonjwa tone moja kabla ya kumuuliza anakunywa nini nyumbani, wala hakumkaripia aliyejibu kweli. Aliwafundisha dalili za hatari: kutapika, kukosa hamu ya chakula, mapigo kwenda polepole. Mwenye dalili hizo aache kunywa, aje mara moja.

Nkandu alirudi Pweto, na miaka sita hakuandika. Victorine alitolewa katika nyumba ya karakana. Alipanga chumba kimoja, akashona nguo za watu. Kila asubuhi alimsindikiza Edith dispansere, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwaka wa 1945 Claudine aliolewa. Edith alikuwa uwanjani pamoja na wanawake wengine. Alicheza kidogo, akaketi, akavuta pumzi, kisha akasimama akacheza tena.