Mabomu Yaliyoangukia Matofali

Maiti ya rubani ilikuwa bado imeketi kitini. Usukani ulikuwa umeng'oka, lakini vidole vilibaki vimekunjwa vile vile, kama vya mtu aliyenyang'anywa kitu sasa hivi.

Inspekta alivua kofia. Mteremko mzima wa mawe ulikuwa umetapakaa vipande vya bati, magunia ya barua na vichupa vya dawa. Ukungu wa asubuhi ulinuka mafuta.

"Ndege ya tatu hii tangu mvua zianze, afande," alisema koplo wake, mwanamke mwembamba asiyejua kunyamaza. "Mbili za jeshi, sasa ya raia. Watu wanasema kilima kimepagawa."

"Watu wanasema mengi. Nani ametoka hai?"

"Rubani msaidizi. Miguu imevunjika. Yuko hospitali, ng'ambo ya bonde."

Binti wa Inspekta alikuwa kwenye hospitali hiyo hiyo, wodi ya wazazi, akisubiri mtoto wake wa kwanza.

Kituoni walimwita Nusu Saa. Kila alipoharakishwa alijibu, "Nipe nusu saa," kisha akatoweka nusu siku. Wakubwa hawakumpenda, ila kesi alizozifunga hazikufunguliwa tena.

Kapteni wa usalama wa anga alipanda mteremko akihema, buti zikiteleza.

"Usijichoshe, Inspekta. Mhalifu tunaye. Fundi wa injini pale uwanjani. Ndege zote tatu zimepita mikononi mwake. Mahakama ya kijeshi inamsikiliza kesho, na unajua wakati wa vita hukumu ya hujuma ni moja."

"Risasi."

"Risasi."

"Sasa mmeniita wa nini?"

"Ndege ni ya raia. Sheria inataka polisi waone, waandike, waondoke."

"Nipe nusu saa," alisema Inspekta, akaenda kuchuchumaa mbele ya injini.

Mapanga ya rafadha, yale yanayozungushwa na injini, yalikuwa yamejipinda yote, hakuna hata moja lililosalimika, na mbele yake mwamba ulikuwa umechongwa mikato mirefu. Alimwita daktari wa polisi aliyekuwa akimkagua marehemu.

"Daktari, mtu huyu alikuwa anapambana na ndege?"

"Hapana. Mifupa ya mikono imevunjika kwa kishindo kimoja tu. Alikuwa ameshika usukani kwa utulivu. Mpaka dakika ya mwisho hakujua kuna kilima mbele yake."

"Na injini ilikuwa inazunguka kwa nguvu," alisema Inspekta, kama anajisemea. "Ndege nzima, rubani mzima. Imefuata nini huku?"

Aliinuka, akageuka kutazama bonde. Ukungu ulikuwa unachanika. Kushoto kilionekana kilima cha tangi la maji la jiji, na chini yake paa refu la hospitali. Katikati ndipo ndege zilipokuwa zikipita kwenda kutua. Upande huu, chini ya miguu yake, kulikuwa na kiwanda cha matofali kilichofungwa tangu vita ianze. Uwanja wake ulikuwa umechimbika mashimo makubwa yaliyojaa maji ya mvua.

"Koplo, mashimo yale ni ya nini?"

"Mabomu, afande. Siku hizi adui anaangusha pale."

"Kiwanda kilichokufa? Adui ana ugomvi gani na matofali?"



Walishuka. Kando ya tanuri kubwa lilisimama dohani refu lenye ngazi ya chuma ubavuni. Chuma chote kilikuwa na kutu, isipokuwa katikati ya kila kidato, ambapo kutu ilikuwa imesuguliwa ikatoka. Inspekta alimtuma koplo juu, maana yeye magoti yake yalikuwa na maoni yao.

"Kuna skrubu mpya!" koplo alipiga kelele kutoka juu. "Na waya umekatwa! Saruji imeungua, inanuka kama betri ya gari!"

"Taa?"

"Hakuna taa, afande. Ila ilikuwepo!"

*

Fundi wa injini alikuwa na jicho moja lililovimba. Hakusimama walipoingia mahabusu; alikuwa amechoka kusimamishwa.

"Uliigusa ndege ya jana?"

"Niliigusa. Ndiyo kazi yangu."

"Na zile mbili?"

"Na zile mbili. Na nyingine zote zilizotua salama, lakini hizo hakuna anayeniuliza."

"Zikija wakati wa magharibi, marubani hufuata nini?"

"Taa nyekundu ya kwenye tangi la maji. Unaiweka kushoto kwako, unanyoosha, unatua. Mawingu yakishuka hakuna kingine cha kuona."

"Ukiiona nyekundu ukaiweka kushoto, na si ile ya tangi?"

Fundi aliinua uso polepole. Jicho zima lilimtoka.

"Mungu wangu," alisema. "Utaingia kilimani."

*

Kwenye ua wa hospitali lilikuwa limeegeshwa gari la wagonjwa. Inspekta alilizunguka. Juu ya paa, mahali pa taa nyekundu, palikuwa na matundu ya skrubu na kipande cha plasta kuzuia mvua.

Rubani msaidizi alikuwa amelala, miguu imefungwa mbao. Alikuwa kijana, midomo imemkauka.

"Mliiona taa?"

"Tuliiona vizuri. Nyekundu ilikuwa kushoto." Sauti ilimkatika. "Mwenzangu alisema tumefika nyumbani. Ndilo neno lake la mwisho."

Inspekta alimshika bega, akakaa naye kidogo. Kisha akapita wodi ya wazazi. Binti yake alijiinua kwa kiwiko.

"Shikamoo, baba. Usiniangalie hivyo, mtoto bado hajaamua."

"Marahaba, mwanangu. Mnalala usiku?"

"Siku hizi tunalala. Wenzangu waliotangulia wanasema mwanzoni mabomu yalikuwa yanaanguka hapa hapa. Sasa yanakwenda matofalini. Bibi Mkunga anasema tusiulize, tushukuru."

Bibi Mkunga alikuwa mwisho wa wodi, mwanamke mnene wa makamo mwenye mikono ya kazi. Nusu ya jiji ilikuwa imepita katika mikono ile. Alikuwa akimfunga nepi mtoto mchanga. Pindo la aproni yake lilikuwa limeliwa vitundu vitundu.

"Bibi Mkunga, aproni hiyo imeliwa na nini?"

Aliitazama aproni, akamtazama yeye.

"Tindikali ya betri."

"Mkunga na betri wanakutana wapi?"

"Niache nimalize na huyu, kisha nitakwambia."

Alimaliza bila haraka. Akamfunika mtoto, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda cha chumba cha dawa.

"Ni mimi," alisema. "Usimtafute mtu mwingine. Dereva wa gari nilimwambia taa imevunjika."

"Anzia mwanzo."

"Mwanzo ni Kapteni wa anga. Nilimwendea mara mbili. Nilimwambia adui ameshajua mnawasha taa ya tangi kila magharibi, anaifuata, na chini ya tangi nina wazazi na vichanga. Akaniambia ndege zetu zinaihitaji, nirudi kwenye vitanda vyangu. Wiki ile ile bomu likaangukia chumba cha kufulia. Tulizika mfuaji, na mama mmoja aliyekuwa amejifungua asubuhi yake. Mtoto ndiye yule niliyekuwa namfunga nepi. Mpaka leo hana jina."

"Ukafanya nini?"

"Umeme wa taa ile unatoka kwenye jenereta yetu. Nikawa naukata kila magharibi. Nikafungua taa ya gari, nikachukua betri, nikawa napanda dohani la kiwanda kila jioni kuiwasha kule. Sijui nilipandaje. Nilikuwa na hasira."

"Na mabomu yakahama."

"Yakahama. Watoto wakalala." Alikunja aproni mapajani, akaikunjua. "Ndege ya kwanza ilipoanguka, redio ikasema ni hujuma ya adui. Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini."

"Na ya pili?"

Nje mtu alisukuma kitanda chenye gurudumu linalolia.

"Ya pili nilianza kushuku. Nikawa sijiulizi. Nilikuwa nikiingia wodini nahesabu vitanda, naona vimejaa, najiambia bora hivi. Jana wakamleta yule kijana kwenye machela. Nilipokuwa namchania suruali alikuwa anarudia, nyekundu ilikuwa kushoto, nyekundu ilikuwa kushoto. Hapo sikuwa na pa kujificha. Alfajiri nikaenda kuishusha."

"Kuna fundi anangoja kupigwa risasi kwa ajili yako."

"Najua. Nilipanga niwahamishe wazazi kwanza, ndipo nije kwako. Ukinichukua sasa, jua likizama taa ya tangi itawaka juu ya vichwa vyao, na hakuna wa kuwatoa." Macho yake yalikuwa makavu. "Nimeua watu wetu, Inspekta. Silikatai hilo. Lakini nisaidie hawa."

Safari hii Inspekta hakuomba nusu saa. Alikwenda ofisini kwa mganga mkuu, akanyanyua simu.

"Kapteni. Mkunga wa hospitali ya tangi alikuja kwako kuhusu taa?"

"Wengi huja."

"Alikuja?"

Waya ulikoroma. "Alikuja."

"Fundi wako hana hatia. Mhalifu ninaye, amekiri, na sababu yake inaanzia mezani kwako. Jioni hii naandika ripoti. Naweza kuandika kwamba ulimfukuza, nikaishia hapo. Au naweza kuongeza kwamba ulipojua ulileta malori kuwahamisha wagonjwa kabla jua halijazama. Yote mawili yatakuwa kweli. Chagua kama unataka la pili."



"Malori mangapi?"

"Yote."

*

Malori yalikuja, na shule iliyofungwa upande wa pili wa jiji ikafunguliwa madarasa. Kutoka lori la kwanza alishuka fundi wa injini aliyeachiwa, jicho bado limevimba, akaanza kubeba vitanda kabla hajaombwa. Kapteni naye alivua koti akashika upande wa machela. Hakumtazama mtu usoni, lakini alishika.

"Baba, beba mto," alisema binti wa Inspekta. "Mimi miguu ninayo."

Katika vurugu ile Bibi Mkunga alikwenda kusimama kando ya rubani msaidizi.

"Taa ile niliiweka mimi," alimwambia.

Kijana alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Mwenzangu ana mke."

"Najua. Nitamwendea, wakiniruhusu."

"Siwezi kukusamehe leo."

"Sikuja kuomba hilo."

Kijana alitazama dari. "Inspekta amenieleza kuhusu yule mtoto. Ni yupi?"

Alimletea. Rubani msaidizi alimtazama kwa muda, akamgusa kidole.

"Nitakwenda mahakamani," alisema hatimaye. "Nitasema yote. Yako na ya Kapteni aliyekufukuza."

Jua lilipogusa vilima, wodi ilikuwa tupu. Taa nyekundu iliwaka juu ya tangi. Mawingu yalikuwa yameshuka tena, na ndani yake ikasikika ngurumo. Akina mama waliobaki kwenye lori la mwisho walishikana mikono.

Fundi aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Yetu," alisema.

Ndege ilitoka mawinguni, taa nyekundu kushoto kwake, ikapita katikati ya bonde, ikashuka nyuma ya miti. Wote waliganda mpaka magurudumu yakalia kwa mbali kwenye lami. Mtu akapiga kigelegele.

"Injini ya kulia inataka kusafishwa," alinung'unika fundi, akiwa anafuta machozi kwa kiganja chenye grisi.

Bibi Mkunga alimkabidhi kichanga asiye na jina kwa binti wa Inspekta, akanyoosha mikono mbele kungoja pingu.

"Sasa niko tayari."

Inspekta alizitazama pingu, akazirudisha mfukoni.

"Panda mbele, kando ya dereva," alisema. "Tutapitia shuleni kwanza, uwalaze watu wako. Kisha tutakwenda kituoni."