Siku Verlyn Alipoacha Vidonge

Mimi na mume wangu Verlyn tunafuga ng'ombe wa maziwa hapa Wisconsin. Alfajiri tunakamua, kisha tunakunywa kahawa na kubishana. Ndivyo nilivyojua mwaka juzi kwamba mzee wangu anaumwa: aliacha kubishana. Alikaa jikoni miezi mizima akitazama ukuta. Daktari akasema ni sonona, akampa vidonge vya kila asubuhi. Taratibu Verlyn alirudi, na ubishi wake wote, nami nikafurahi.

Kiangazi kilichopita alijiona mzima kabisa. Asubuhi moja akaiweka chupa ya vidonge juu ya friji.

"Nimemaliza," akasema.

"Daktari kasema?"

"Daktari wa nini, Arlys? Ng'ombe akikaribia kuzaa tunamkaushaje maziwa? Tunaacha kumkamua mara moja, basi. Analalamika kidogo, anazoea."

"Kwa hiyo wewe ni ng'ombe."

"Tena wa daraja la kwanza," akasema, akachukua kofia yake.

Haikupita wiki akaanza kuyumba kila akigeuza kichwa. Alisema anahisi kama umeme mdogo unampiga ndani ya kichwa. Alikuwa na kichefuchefu, jasho na ndoto za ajabu. Siku moja alimfokea Pansy, ng'ombe anayempenda kuliko ndugu zake. Kisha akalia kwa sababu amemfokea.

"Ile sonona imerudi," akaniambia mezani. "Siwezi tena. Nimeshampigia dalali. Jumamosi anachukua ng'ombe wote."

Niliogopa sana. Kundi lile lilianzishwa na babu yake. Bila ng'ombe, sijui Verlyn angeamka kwa ajili ya nini.

"Sawa," nikamwambia. "Ila kwanza twende mjini."

Niliendesha gari mwenyewe, maana yeye hata kusimama wima kulimshinda. Mfamasia wetu anaitwa Dawn, binti wa wafugaji kama sisi. Alituketisha pembeni, mbali na wateja.

"Mzee, dawa uliacha ghafla?"

"Kama anavyokausha ng'ombe," nikadakia.

Dawn hakucheka. "Ulipokuwa na sonona, ulihisi huo umeme kichwani?"

"Hapana. Nilikuwa mzito tu, sitaki chochote."

"Basi sidhani kama ni ugonjwa umerudi. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi huja polepole, baada ya wiki nyingi au miezi. Haya yameanza siku chache tu baada ya kuacha, tena na kizunguzungu. Mwili ulikuwa umezoea dawa, wewe ukaunyang'anya."

"Ina maana nimekuwa mlevi wa vidonge?"

"Mlevi gani anaiweka chupa kando mwenyewe? Hapana, mzee. Mwili umezoea tu. Hebu niambie, ndama unamwachishaje maziwa?"

"Unampunguzia kidogo kidogo, huku anazoea kula. Ukimkatia ghafla atalia mchana kutwa, na atakonda..." Verlyn akavua kofia yake. "Aa."

"Aa," Dawn akamwigiza.

Akampigia daktari pale pale. Daktari akamwambia Verlyn arudie dozi yake ya zamani, atulie kwanza, halafu wapunguze pamoja kwa miezi kadhaa.

"Nikinywa leo, nikaruka kesho?" Verlyn akauliza. Hakuacha ubishi hata pale.

"Hapana," Dawn akajibu. "Utayumba vilevile. Wala usikate vidonge kwa kisu, maana vingine havikatwi. Daktari atakupa vya nguvu ndogo, au dawa ya maji. Ukijisikia vibaya, usipunguze tena mpaka uzungumze naye. Na siku ya kizunguzungu, usipande trekta." Kisha akanigeukia. "Mama, akisema hataki kuishi, msingoje miadi. Pigeni simu ya dharura saa hiyo hiyo."

"Sijawaza hivyo," Verlyn akasema.

"Ukiwaza?"

"Nitamwambia Arlys."

Baada ya siku chache umeme kichwani ulikwisha. Jumamosi dalali alikuja na trela lake, akaambiwa hatuuzi tena, akanywa kahawa, akaondoka nalo tupu.

Tulianza kupunguza wakati wa mavuno ya mahindi. Zilikuwepo siku mbaya. Verlyn aliniambia, tukampigia daktari, tukangoja kabla ya kupunguza tena. Hatua za mwisho zilikuwa ndogo kuliko zote. Theluji ilipoyeyuka, alikuwa amemaliza kweli, na daktari anajua.

Wiki iliyopita dalali alipita tena.

"Leo unauza?"

"Ndama dume yule tu."

"Ameachishwa maziwa vizuri?"

Verlyn akanitazama. "Vizuri kuliko nilivyojiachisha mimi."

Dalali akataja bei. Verlyn akasema hiyo ni bei ya mbuzi. Wakabishana hadi kahawa yangu ikapoa mkononi. Sikuwaingilia, maana nilikuwa namsikiliza mume wangu, mzima.