Maji ya Ilinca

Ndoo ya mlangoni ilianza kupungua bila mtu kuchota.

Leontina hakushtuka. Alidhani anamjua anayekunywa. Huku Oltenia mtu akifa, jamaa yake hupeleka maji kwa majirani kwa jina lake, marehemu asione kiu, mpaka siku ya kuyaachilia mtoni: mshumaa unawashwa juu ya kipande cha kibuyu, kinasukumwa majini, na marehemu amekwenda. Leontina alikataa kuyaachilia. Bintiye Ilinca alikufa kwa homa ya mapafu, na mama hakutaka awe amekwenda. Mwaka wa tatu sasa alikuwa bado anabeba ndoo. Majirani wenzangu walimcheka, mimi sikuweza.

Kisha ndoo haikutosha. Mchana kweupe, akimenya viazi, alisikia mnyororo wa kisima ukijizungusha taratibu, akanusa tope na nywele mbichi, na sauti ya bintiye ikapanda kutoka chini, ndogo, yenye baridi, ikisema mama umechoka, huku kuna nafasi ya wawili, njoo upumzike, kisu kikamponyoka, na kilichomtisha zaidi hakikuwa ile sauti, bali hamu yake ya kuitikia.

Akakimbilia kwa wifi yake, Veta, aliyekuwa akikanda unga.

"Wifi, kisima kinaniita."

"Kinakuitia nini?"

"Niingie." Akanong'ona, "Na mimi nataka, Veta. Siku nyingi nataka."

Veta hakumwambia ajikaze, kama wengine walivyozoea. Aliuacha unga vilevile.

"Huyo si Ilinca. Ilinca asingekuita huko. Ni jini, kaona mlango tuliouacha wazi. Twende mtoni."

"Nikimwachilia, nitabaki na nani?"

"Na mimi. Najua ni biashara ya hasara, lakini mimi ndiye niliyepo."

Mtoni Leontina aling'ang'ania kibuyu mpaka nta ikamchoma vidole. Kisha akakisukuma. Kilizunguka kidogo, kikashika mkondo, naye akalia mpaka sauti ikamkauka.

Jioni walikuwa mezani kwake, supu mbele yao, mnyororo ukalia uani.

"Mama."

Leontina hakuinua macho. Siku zote alisikia peke yake. "Wewe hujasikia kitu, eti?"

Veta aliweka kijiko chini. "Nimesikia."

Akahamisha kiti chake, akakaa kati ya Leontina na mlango.

"Kesho fundi atakuja kukiziba kisima, na wewe nakupeleka kwa daktari. Leo nalala hapa. Kula, wifi."