Daftari la Maua ya Mikorosho

Kila Jumatatu Adila alizungukia mikorosho ya baba yake huko Zinga, kisha akirudi nyumbani huandika kwenye daftari la shule kama maua yamechanua. Daftari alilirithi kutoka kwa wanafunzi waliomtangulia; ilikuwa kazi yake kwa mwaka wa tatu, na walimu waliusifia sana mwandiko wake.

Mwaka huu maua yalitoka Mei, mvua za masika hazijakatika. Yakaoza, yakapukutika. Kijiji kizima kikawaka hasira.

Jumatatu hiyo Adila alirudi kutoka shambani akakuta watu wamevamia kwa Bi Kibibi, mjane aliyehamia jirani mwezi Januari. Mlango ulikuwa umevunjwa. Mbele alisimama baba yake, Msabaha, jiwe mkono mmoja, daftari mkono wa pili.

"Mwanangu kaandika hapa. Miaka yote maua hutoka Julai," alifoka. "Umekuja wewe na mafukizo yako ya alfajiri, yametoka Mei. Umeturoga."

"Nafukuza mbu tu, Msabaha," alijibu Bi Kibibi.

Jirani yao Pazi akamshushia rungu. Mfupa wa mkono ulivunjika, kila mtu akausikia. Bi Kibibi akaanguka, na rungu likainuliwa tena.

Adila alijipenyeza akamkinga mama yule kwa mwili wake. "Baba, nimeandika uongo."

Kofi la baba yake lilimpasua mdomo. Akatema damu, akaendelea. "Mwaka juzi yalitoka mwisho wa Juni. Mwaka jana, mwanzo wa Juni. Bi Kibibi hakuwepo. Niliyaona, lakini kurasa za walionitangulia zilisema Julai. Nikaogopa kuambiwa nimekosea."

"Kweli," mtu mmoja akasema kwa aibu. "Mwaka jana nilichelewa kupulizia dawa, maua yalinitangulia."

Rungu likashuka taratibu. Msabaha alitupa jiwe, akamwinua Bi Kibibi, akampakia kwenye bajaji hadi hospitali ya Bagamoyo. Pazi alichukuliwa na polisi jioni ileile.

Kesho yake Mwalimu Raya wa shuleni kwa Adila alifika wodini. "Joto linaongezeka na mvua zimebadili miezi," alimweleza Msabaha. "Miti inafuata hali ya hewa, haifuati kalenda. Hakuna aliyewaroga."

Msabaha aliomba radhi, uso chini. Adila naye aliomba, akilia.

Bi Kibibi alimtazama, mkono umefungwa plasta. "Andika unachokiona, mwanangu, hata kama wote waliokutangulia waliandika kingine. Ungeandika Juni, leo ningekuwa nachota maji yangu mwenyewe."