Mabamba ya Buluu ya Jumba la Sosiani

Kila Jumapili baada ya ibada, watu wengine walipokuwa wakiharakisha kwenda kula, Apondi na babu yake walitembea polepole hadi katikati ya mji wa Eldoret. Walisimama kando ya barabara, mkabala na Jumba la Sosiani, wakaliangalia.

Lilikuwa jumba la ofisi, refu kuliko majengo yote yaliyolizunguka. Chini ya kila dirisha palikuwa na bamba pana la rangi ya buluu. Jua na mvua za miaka mingi zilikuwa zimeififisha rangi hiyo, na pale karibu na mabomba ya maji mabamba yalikuwa yamefanya ukungu. Lakini Mzee Joash Okeyo hakuuona ukungu huo.

"Lilikuwa linang'aa, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Watu walikuja kutoka Timboroa na Sugoi kulitazama tu. Wengine walipanda lifti na kushuka, wakapanda tena!"

Mzee Okeyo alikuja Eldoret akiwa kijana, akitokea kwao Seme, karibu na ziwa. Aliajiriwa kufunga yale mabamba ya buluu. Hapo ndipo alipokutana na Awuor, msichana aliyekuwa akifagia vyumba vilivyomalizika kujengwa.

"Mimi niko nje, nimesimama juu ya mbao. Yeye yuko ndani na ufagio wake. Vioo vilikuwa havijatiwa. Akatoa kichwa dirishani, akaniambia, 'Wewe kijana, shika vizuri. Ukianguka, nani atanizibia upepo huu?'"

Mzee alicheka kila aliposimulia kisa hicho, kisha akakohoa. Kicheko chake siku hizi kiliishia katika kikohozi. Mama yake Apondi alipomwuliza, alijibu kwamba ni baridi ya Eldoret tu, na kwamba yeye huzaliwa upya kila baridi ya Julai ikipita. Bibi Awuor mwenyewe alikuwa amefariki, na tangu hapo Mzee alipenda zaidi kwenda kulitazama lile jumba.

Jumapili moja walikuta limezungushiwa uzio wa mabati. Juu ya uzio kulikuwa na picha kubwa ya jengo lililovikwa vioo kutoka chini hadi juu. Bawabu mmoja, aliyeitwa Walubengo, aliwaeleza kwa heshima.

"Halibomolewi, Mzee. Mifupa yake bado ni mizima. Lakini madirisha yanavuja, lifti inakwama, na wapangaji wameanza kuhama. Kwa hivyo wanalivua nguo za zamani walivike mpya."

"Na mabamba yangu?" Mzee aliuliza.

"Yote yanatolewa, Mzee."

Babu aligeuka, wakarudi nyumbani. Jioni, akiwa ameshika kikombe cha chai iliyokwisha kupoa, alisema kama anayejisemea mwenyewe, "Wangeniachia hata kipande kimoja."

Apondi alikuwa akisafisha meza. Aliyasikia maneno hayo, nayo yakamkaa moyoni.

Kuanzia siku hiyo, kila alipotoka shuleni alipitia pale. Kupitia mwanya wa mabati aliwaona wafanyakazi waliovaa ovaroli nyeupe zilizowafunika hadi kichwani, na maski nene usoni. Waliyanyunyizia mabamba maji, wakayafungua polepole, wakayashusha na kuyafunga kwa plastiki nzito. Apondi alifurahi. "Wanayashika kwa upole hivyo kwa sababu wanajua yana thamani," aliwaza. Bango lililosema HATARI, USIINGIE, alidhani linahusu vitu vinavyoweza kuanguka kutoka juu.

Jumatano alasiri bamba moja lilipasuka lilipogonga chuma. Kipande chake, kikubwa kama jalada la kitabu, kiliteleza na kutokea chini ya uzio, karibu kabisa na viatu vyake. Apondi aliangalia kulia na kushoto. Aliinama, akakiokota na kukitia kwenye mkoba wake.

"Msichana!" sauti ya Walubengo ilimshtua. "Umeokota nini hapo?"

"Kalamu yangu, Mzee. Ilikuwa imeanguka."

Walubengo alimtazama kidogo. "Haya, nenda nyumbani. Na usikaribie mabati haya tena, umenisikia?"

"Ndiyo, Mzee."

Alikimbia kwa hofu hadi kwao, mtaa wa Huruma. Lakini alipokitoa kile kipande, hofu yote ilimtoka. Upande mmoja ulikuwa bado na buluu safi, kama anga la asubuhi baada ya mvua. Alijua Babu angefurahi mno.

Tatizo lilikuwa kingo zake. Zilikuwa zimechongoka, na Apondi hakutaka zimkate Babu. Mama yake, Edinah, alikuwa bado kazini kwenye duka la mikate, na Babu alikuwa ameketi nje akiota jua. Basi alichukua msasa kutoka kwenye sanduku la vifaa vya Babu, akaketi chumbani na kuanza kusugua. Unga mweupe ulimwagika sakafuni. Mdogo wake Byron, aliyekuwa bado hajaanza shule, alikuja akachuchumaa kando yake. Alichora ng'ombe kwa kidole katika ule unga, kisha akaupuliza puu! ukaruka hewani, wakacheka wote wawili. Apondi alifagia, akakificha kipande chini ya kitanda walicholalia yeye na Byron. Angempa Babu siku ya Jumapili.

Siku ya Ijumaa, mgeni alikuja shuleni kwao. Alikuwa mwanamke mrefu aliyeshika helmeti mkononi. Mwalimu alimtambulisha kuwa Injinia Jerop, mzaliwa wa Sugoi, na kwamba ndiye aliyesimamia kazi katika Jumba la Sosiani.

"Nimekuja kwa sababu wengi wenu mnapita pale," Injinia Jerop alisema. "Mmeona watu wangu wamevaa maski. Nani anajua kwa nini?"

"Corona!" mvulana mmoja alijibu, na darasa likacheka.

"Hapana. Yale mabamba ya buluu yametengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na asbestosi. Asbestosi ni madini yenye nyuzi nyembamba sana, huwezi kuziona kwa macho. Zamani zilitumika kila mahali, hata kwenye mapaa ya nyumba, kwa sababu haziungui na hazikuwa zimepigwa marufuku. Bamba zima likikaa ukutani halina neno. Lakini likivunjwa, likikatwa au likisuguliwa, vumbi lake linaingia kifuani na kukaa humo miaka mingi. Baadaye linaharibu mapafu. Ndiyo maana tunayalowesha kabla ya kuyagusa."

Apondi aliukumbuka ule unga mweupe wa sakafuni. Alimwona mawazoni Byron amevimbisha mashavu, akipuliza. Kisha akamkumbuka Babu akisimulia jinsi walivyokata mabamba kwa msumeno kutwa nzima, wakarudi nyumbani weupe kama watu waliomwagiwa unga wa ugali. Akakumbuka kile kikohozi.

Wenzake walipotoka kwenda mapumzikoni, yeye alibaki ameketi. Angeweza kukitupa kile kipande katika mto Sosiani wakati wa kurudi nyumbani, na hakuna ambaye angejua. Bawabu alikuwa ameamini habari ya kalamu. Lakini ule unga ulikuwa umeenea chumbani, na Byron alilala humo kila siku. Je, na Babu?

Alimkimbilia Injinia Jerop, akamkuta karibu na lango.

"Injinia, shikamoo. Mimi... mimi ninacho kipande."

Injinia alisimama. "Kipande cha nini, mwanangu?"

Apondi alisema yote, hata uongo aliomwambia Walubengo, hata msasa. Alipofika kwenye habari ya Byron, machozi yalimzidi.

Injinia Jerop hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Sasa hivi nani yuko nyumbani?"

"Babu na mdogo wangu."

"Basi ngoja nimwombe mwalimu ruhusa, twende."

Walifika Huruma pamoja na mfanyakazi mmoja aliyebeba ndoo, vitambaa na mifuko mizito. Injinia alimpigia Edinah simu, naye akaja mbio akiwa bado na unga wa ngano mikononi. Byron aliwekwa nje. Injinia na mwenzake walivaa ovaroli na maski, wakaingia chumbani, wakakifunga kile kipande ndani ya mfuko, wakafuta sakafu, kuta na kitanda kwa vitambaa vilivyolowa. Hawakutumia ufagio hata kidogo.

Mzee Okeyo aliwatazama kutoka kwenye kiti chake. "Kuna nini? Kuna mgonjwa wa kuambukiza hapa?"

Mama alimsukuma Apondi kidogo begani. "Mwambie babu yako mwenyewe."

Apondi alipiga magoti kando ya kiti. "Babu, nilichukua kipande cha bamba lako. Nilitaka kukupa Jumapili. Lakini Injinia anasema yale mabamba yana sumu."

Uso wa Mzee ulibadilika. "Sumu? Kazi ya mikono yangu unaiita sumu?"

"Mzee," Injinia Jerop alisema taratibu akivua maski, "kazi yako ilikuwa nzuri. Mabamba yale yamekaa miaka yote hiyo bila kulegea. Lakini hamkuambiwa kilichokuwa ndani yake. Kosa halikuwa lenu."

Mzee alitaka kujibu, lakini kikohozi kilimshika, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Edinah alimletea maji.

"Babu, twende hospitali," Apondi alisema. "Kifua chako kipimwe."

"Ni baridi tu."

"Babu, leo niliogopa sana kusema ukweli, lakini nilisema. Na wewe tafadhali usiogope kuusikia."

 Mzee alimtazama Edinah, kisha akayatazama magoti yake mwenyewe. "Kwa kweli ni muda mrefu sasa," alisema kwa sauti ndogo. "Kifua hiki kilianza hata kabla Awuor hajaondoka. Sikutaka kumtia wasiwasi."

Jumatatu Mama aliwapeleka wote watatu katika hospitali ya misheni kule Plateau. Daktari aliwapima Byron na Apondi, akasema vumbi walilovuta lilikuwa kidogo na chumba kilisafishwa mapema, kwa hiyo wasiishi kwa hofu. Kwa Mzee, alichukua muda. Alipiga picha ya mapafu, akaitazama, akawaonyesha makovu madogo pembeni.

"Makovu haya hayaondoki, Mzee," daktari alisema. "Lakini tukiyafuatilia na ukitumia dawa ya kufungua pumzi, utaishi nayo vizuri. Usikae karibu na moshi. Na uje kupimwa kila mwaka, usisubiri kuzidiwa."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Walipokuwa wakitoka alisimama ghafla mlangoni. "Edinah, nipe simu. Kuna Kiplimo, yule wa Sugoi. Na Javan alikuwa Timboroa. Tulikuwa tukikata mabamba pamoja."

Ilichukua muda kuwapata. Wengine walikuwa wameshazikwa, na kila alipopata habari kama hiyo Mzee alivua kofia yake. Injinia Jerop, kila alipopata nafasi kazini, alisaidia kuulizia katika vijiji vya kwao. Mwisho wazee wachache walikubali kukutana Plateau siku moja, ili wapimwe pamoja.

Apondi aliandamana na Babu. Katika benchi la kusubiria, aliwaona wazee wenye fimbo wakishikana mikono na kukataa kuachiana. Walitaniana kwa majina ambayo hakuwahi kuyasikia. Mzee Javan alimwangalia Apondi kwa makini, akasema, "Huyu ana macho ya Awuor. Unajua nyanya yako alikuwa akituimbisha? Msimamizi akikasirika, yeye anaanza wimbo wa kanisani, na msimamizi anashindwa kugomba."

"Babu hajawahi kuniambia!"

"Hakujua," Mzee Javan alisema. "Siku hizo yeye alikuwa juu akifunga mabamba, sisi tulikuwa orofa za chini."

Mzee Okeyo alicheka, na siku hiyo alicheka taratibu, akiilinda pumzi yake.

Si habari zote zilikuwa njema. Mzee Kiplimo alikutwa na maji kifuani, akalazwa siku hiyo hiyo. Lakini daktari alisema wangechelewa wiki chache tu, wangempoteza. Mke wa Mzee Kiplimo alimshika Apondi mikono yote miwili, akamshukuru.

Jioni walikaa kwenye baraza ya hospitali wakimngoja Mama. Upepo wa nyanda za juu ulivuma kutoka kwenye mashamba ya mahindi.

"Nilikukasirikia siku ile," Mzee Okeyo alisema. "Uliingiza hatari nyumbani, na ulimdanganya yule bawabu."

"Nilimwendea, Babu. Nilimwomba msamaha."

"Najua. Aliniambia." Mzee alijifunika koti vizuri. "Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humfichua. Mimi nilikuwa nikificha kikohozi, wewe ukaficha kipande chini ya kitanda. Sote tulidhani tunawalinda tunaowapenda. Kumbe anayekupenda humlindi kwa kumficha ukweli. Unamwambia mapema, hata kama sauti inatetemeka. Umesikia, mjukuu wangu?"

"Nimesikia, Babu."

"Ulitaka kuniletea kipande cha jumba. Uliposema ukweli, uliniletea watu niliolijenga nao." Aligeukia dirisha la wodi, ambako Mzee Kiplimo alikuwa akiinua mkono kuwaaga. "Hebu simama umpungie rafiki yangu."

Apondi alisimama, akapunga mikono yote miwili.